Muulize yuko kitabu cha ngapi

Mtoto aliyenaswa na Harry Potter hajifichi. Shuka linageuka joho, mwiko wa jikoni unapotea na kurudi umechongwa ncha, na mdogo wake anaamriwa kwa maneno yenye sauti ya Kilatini ageuke chura. Wakati wa kula anawapanga watu wa nyumbani kwenye mabweni manne ya shule ya Hogwarts, na bibi akiangukia Slytherin, maelezo ya kumtuliza yanakuwa marefu. Mzazi anayeyaona haya huuliza moja ya maswali mawili. La kwanza: hivi vitabu si vya uchawi? La pili, la yule aliyerudi kazini amechoka: angalau anasoma, si ndiyo?

Maswali yote mawili ni ya haki. Lipo la tatu lenye faida kuliko hayo, nalo halimalizi hata dakika moja: mwanangu, uko kitabu cha ngapi?

Vitabu viko 7. Cha kwanza kilitoka Uingereza Juni 1997, cha mwisho Julai 2007. Mwandishi wake, J.K. Rowling, alimpeleka Harry shule akiwa na miaka 11, kisha akamwongezea mwaka mmoja kwa kila kitabu, na vitabu navyo vikakua pamoja naye. Kwa chapa ya Uingereza, cha kwanza kina kurasa 223 na cha tano kina 766. Unene si kitu. Cha kwanza ni hadithi ya yatima anayepata shule na marafiki wawili wa kweli. Cha saba ni hadithi ya vita, na wanaokufa humo ni watu ambao msomaji amekaa nao kurasa elfu kadhaa.

Watoto wa mwanzo hawakuweza kukimbia. Aliyekuwa na miaka 11 mwaka 1997 alikuwa na 21 kitabu cha mwisho kilipotoka. Kati ya cha nne, Julai 2000, na cha tano, Juni 2003, walikaa karibu miaka mitatu wakibishana nini kitafuata. Maduka ya vitabu yakafunguliwa saa sita usiku, watoto wakiwa foleni na majoho yao. Wazazi walilalamikia foleni, bei na usingizi, wala hawakuona kwamba kusubiri huko kulikuwa kunawasaidia kulea. Mtoto hakufika kwenye sura ngumu kabla umri wake haujafika.

Msaada huo haupo tena. Leo mtoto wa miaka 9 anaweza kuwa na vitabu vyote 7 kwenye simu kwa siku moja, na filamu zote 8, ambazo kwa jumla ni karibu saa 20, kwenye flashi aliyoazima kwa jirani. Likizo ya Desemba inatosha na kubaki. Jumatatu anaanza na yatima anayelala kwenye kabati, Ijumaa yuko makaburini anatazama mwanafunzi akiuawa.

Swali la uchawi nalo lisipuuzwe, hasa kwa anayezungumza Kiswahili. Kwa Kiingereza maneno ya vitabu hivi yameshalainishwa na hadithi nyingi za kulaza watoto. Mchawi wa Kiswahili ni mtu mwingine kabisa: anaroga, anaua, anatembea usiku. Kanda ya Ziwa wako vikongwe waliouawa kwa kushukiwa tu, wengine kwa sababu ya macho mekundu ambayo huenda yaliletwa na moshi wa jikoni. Kwa hiyo mjukuu akimwambia bibi yake kwamba naye anataka kwenda shule ya wachawi, bibi ana sababu ya kuweka kikombe chini.

Anachohitaji bibi ni kuelezwa. Yanayofundishwa Hogwarts yanakaribia zaidi yale mazingaombwe yanayoonyeshwa shuleni kwa kiingilio kidogo, ila huku yana kazi za nyumbani na mitihani. Na wazazi wengi waliosoma Adili na Nduguze cha Shaaban Robert hawakumbuki kuogopa, ingawa humo Hasidi na Mwivu wanageuzwa manyani na mji mzima unageuka mawe. Hofu yenyewe si ya Afrika peke yake. Chama cha Maktaba cha Marekani kiliviweka vitabu vya Harry Potter nafasi ya kwanza kwenye orodha ya vilivyolalamikiwa zaidi kati ya mwaka 2000 na 2009.

Kila nyumba ina imani yake, na mzazi anayesema haviingii kwake ana haki hiyo. Anayeviruhusu ndiye mwenye kazi, na asidhani imekwisha akishalijibu swali la uchawi. Yanayomkosesha mtoto usingizi humo mengi si uchawi hata kidogo.

Kwenye kitabu cha kwanza, wazazi wa Harry wameuawa akiwa mchanga. Analelewa na mama yake mkubwa, analazwa kwenye kabati la chini ya ngazi, na mtoto wa nyumba hiyo ana vyumba viwili. Mtoto wa kwetu hahitaji kufafanuliwa hilo. Huenda kuna mmoja kama huyo darasani kwake, au nyumba ya pili. Baadaye Harry anakuta kioo kinachomwonyesha mtu anachokitamani kuliko vyote, na yeye anawaona baba na mama yake wamesimama nyuma yake. Anarudi usiku hadi usiku. Rowling alifiwa na mama yake Desemba 1990, miezi michache baada ya kuanza kuibuni hadithi hii. Kwa mtoto aliyefiwa, sura hiyo ya kioo inaweza kuwa nzito kuliko joka lolote la mbele, na ni vizuri mtu mzima awe karibu anapoifikia.

Cha pili ndicho ambacho mzazi mwenye simu mkononi angefaa akisome mwenyewe. Ginny, mtoto wa miaka 11, ameanza shule ya bweni na ni mpweke. Anakuta shajara tupu kati ya vitabu vyake. Anaandika humo, na shajara inamjibu. Anayejibu ana subira, anaelewa, hamcheki, ana nafasi wakati wowote. Ginny anamweleza siri zake zote: kaka zake wanavyomtania, nguo zake za mitumba, mvulana anayempenda. Taratibu yule asiyeonekana anaanza kumtawala. Ginny anajikuta na rangi nyekundu nguoni bila kukumbuka alikuwa wapi, na mwishoni anapelekwa chini ya ardhi afe. Baada ya kuokolewa, baba yake anamuuliza kwa uchungu kama hakumfundisha kutoamini kitu kinachofikiri chenyewe ilhali huoni akili yake imewekwa wapi.

Kitabu hicho kilitoka 1998. Sasa watoto wanaandikiana usiku na watu wasiowajua, na hata na programu za kompyuta zinazojibu kama mtu. Mzazi anaweza kuhutubia juu ya hatari za mtandaoni nusu saa nzima na mtoto akaitikia ndiyo mama, ndiyo mama. Au anaweza kuuliza wakati wa kuosha vyombo, bila kumkazia macho: hivi kwa nini Ginny hakumwambia mtu? Mtoto atamtetea Ginny au atamlaumu, na katika kumtetea au kumlaumu atasema mambo ambayo hajaulizwa.

Cha tatu kina walinzi wa gereza wanaoitwa Dementor, ambao wakisogea furaha yote inamtoka mtu. Rowling amesema aliwatoa kwenye sonona aliyoipitia yeye mwenyewe. Watoto huwaogopa sana, na bado kitabu chenyewe kinawapa dawa: kumbukumbu moja nzuri, ya kweli, iliyoshikiliwa kwa nguvu zote, na baadaye kipande cha chokoleti. Mtoto wa miaka 9 au 10 aliyefika hapa salama amefika vizuri.

Halafu kinakuja cha nne, na hapa ndipo pa kusimama. Cedric ana miaka 17, ni mpole, mchezaji mzuri, hana ugomvi na mtu. Anauawa makaburini kwa neno moja, bila kupigana, kwa sababu tu alikuwepo. Kwenye filamu baba yake anaangukia mwili wake mbele ya uwanja uliojaa watu waliokuwa wakishangilia, na kilio chake hakisahauliki upesi hata na mtu mzima. Wanaopanga madaraja ya filamu Uingereza waliona mstari uko hapohapo. Filamu tatu za kwanza waliziruhusu kwa watoto kwa uangalizi wa wazazi. Kuanzia ya nne, aliye chini ya miaka 12 haingii sinema bila mtu mzima.

Cha tano kinaumiza kwa namna nyingine. Mwalimu mpya anampa Harry adhabu ya kuandika sentensi moja mara nyingi, kwa kalamu isiyotiwa wino. Wino ni damu yake. Kila anachoandika kinachanwa kwenye ngozi ya mkono wake mpaka kinaacha kovu. Harry hamwambii mtu mzima yeyote. Rafiki yake Ron anauona mkono na kumsihi aseme, naye anakataa, kwa kuwa hataki yule mwalimu ajue kwamba amemweza. Mtoto anayerudi nyumbani na alama za fimbo mguuni na kusema aliteleza anaijua hesabu hiyo. Kuna mazungumzo humu ambayo nyumba nyingi hazijapata pa kuyaanzia, na kumuuliza mtoto “ingekuwa wewe, ungemwambia nani?” si mwanzo mbaya. Jibu likiwa “sijui”, hilo nalo ni jibu la kufanyiwa kazi.

Cha sita na cha saba ni vya kijana. Anayevifikia na miaka 13 au 14 atalia na kupona. Wa miaka 8 atalia tu.

Kwa hesabu hiyo, mpango mmoja unaofaa nyumba nyingi ni huu. Vitatu vya kwanza viachiliwe kuanzia miaka 8 au 9. Inasimuliwa kwamba mkuu wa kampuni iliyochapisha kitabu cha kwanza alimpa binti yake wa miaka 8 sura za mwanzo, na mtoto akarudi kudai zilizobaki. Baada ya cha tatu kuwe na mapumziko, hadi miaka 11 au 12, na kuanzia hapo kitabu kimoja kwa likizo moja kinatosha. Kitabu kitangulie filamu yake. Msomaji akiogopa hufunga kitabu na kwenda kunywa maji, lakini filamu haimsubiri, hasa inapotazamwa chumba kizima na kaka zake wanaomcheka akifumba macho.

Mtoto hatafurahia mapumziko hayo, na mengi yanaweza kuyajaza. Vijiti vya Hogwarts vinauzwa ghali, ilhali cha tawi la mpera kilichochongwa na babu kina thamani zaidi, kwa kuwa vitabuni aina ya mti ni jambo kubwa. Rowling pia alitangaza mwaka 2016 kwamba Afrika ina shule yake, Uagadou, akaiweka kwenye Milima ya Mwezi, huku Uganda. Huko wanafunzi wengi hawatumii vijiti. Wanatumia mikono yao. Hakuandika mengi juu yake, kwa hiyo ratiba ya masomo, chakula cha jioni na mabweni vinamsubiri mtoto yeyote mwenye daftari.

Mzazi asiyesoma Kiingereza kwa raha hajaachwa nje. Aombe kusimuliwa. Mtoto anayesoma kwa Kiingereza akamsimulia baba yake kwa Kiswahili anafanya kazi kubwa kuliko zoezi lolote la shuleni, na baba anajua kila jioni wamefika wapi. Sauti ikipungua na simulizi ikaruka mahali, huko ndiko pa kurudi baadaye.

Shida ya kweli iko kwa wauza vitabu vya mitumba, ambao hawajali mfuatano. Mzazi anapita kando ya barabara, anakiona kile kinene, cha tano, kwa bei nzuri, ananunua. Hakuna haja ya kukirudisha. Kikae juu ya kabati, pale mtoto anapokiona, mpaka vya kwanza vinne vipatikane na visomwe. Atakitazama kila akipita. Wenzake wa mwaka 2000 walikisubiri hichohicho karibu miaka mitatu, nao hawakuwa hata na jalada la kutazama.