Nunua glavu kabla ya upanga (Sehemu ya 6)



Tangu niandike kuhusu helmeti za baiskeli, inboksi imejaa swali moja kutoka kwenu mnaolea watoto huku Ujerumani kama mimi: mtoto kajiunga na klabu ya upanga wa kale, sasa anataka upanga wake. Nimnunulie upi?

Kwa asiyeujua, mchezo huu si ule wa Olimpiki. Hawa wanafuata vitabu vya walimu wa zamani, kama Joachim Meyer aliyechapisha chake Strasbourg mwaka 1570. Upanga wanaoupenda zaidi unashikwa kwa mikono miwili.

Jibu langu litawaudhi watoto: miezi ya mwanzo usinunue upanga wowote. Aazime wa klabu. Pesa ya kwanza iende kwenye glavu na maski.

Nasema hivi kwa sababu nilikosea. Mwanangu ana miaka 13, nikamnunulia upanga wa mbao. Bei nafuu, na moyoni nikasema mti ni mti tu. Mimi ni wa pwani, nimekua nikiona wanaume wakicheza kirumbizi kwa fimbo Lamu wakati wa Maulidi. Fimbo hainitishi. Siku ya tatu akacheza na mwenzake uani, mikono mitupu. Kidole kikavunjika, kikafungwa wiki nne. Jamani, mimi nesi mzima! Vidole vya watoto wa watu nimevifunga miaka mingi, wangu nikamkabidhi rungu.

Tunadhani mbao ni salama na chuma ni hatari. Si hivyo. Mbao haipindi. Mtoto akichomwa nayo kifuani, nguvu yote inaingia mwilini. Upanga mzuri wa chuma wa mazoezi, ambao Wajerumani wanauita Feder, hauna makali, ncha yake imekunjwa au kutanuliwa, na ukichoma unapinda kama upinde kisha unanyooka. Lakini una kilo 1.3 hadi 1.5 hivi, wakati ule mzito kuliko yote wa Olimpiki hauzidi gramu 770. Ukitua kwenye vidole bila glavu ngumu, utavunja vilevile.

Kwa hiyo mimi napanga hivi. Mtoto mdogo, upanga wa sponji. Akikua, wa nailoni, ambao ni mwepesi na unapinda kidogo. Chuma kisubiri mpaka mwalimu aseme, na mpaka mtoto aweze kupiga pigo kisha alisimamishe hewani kabla halijamfikia mwenzake. Asipoweza, upanga huo ni mzito kwake hata kama ni mzuri. Usinunue mkubwa eti atakua nao. Huo si sweta ya shule.

Glavu za ngozi za kawaida hazitoshi. Tafuta zenye magamba magumu juu ya kila kidole, na gumba pia. Maski ya waya iwe na kinga ya shingo, na uongeze kinga ya kisogo, maana maski ya kawaida inaacha nyuma wazi. Hata kwa sponji, avae. Jicho halina spea.

Kila wiki kagueni upanga pamoja. Chuma kikiwa na pengo, lisuguliwe kwa tupa. Kikipinda kisirudi, au kikiwa na ufa, kitupwe. Mwaka 1982 huko Roma, upanga ulivunjika kwenye mashindano ya dunia, kipande kikapenya maski ya bingwa Vladimir Smirnov. Alifariki siku chache baadaye. Baada yake, maski na panga za mchezo ule ziliimarishwa. Hiyo maski ya mitumba ya zamani, mama, iache.

Na jueni, maski haizuii ubongo kutikisika. Mtoto akipigwa kichwani, mchezo umeisha siku hiyo. Akitapika, akichanganyikiwa, akisinzia kupita kawaida au kichwa kikizidi kuuma, hospitali moja kwa moja.

Wangu amerudi klabuni, anaazima upanga. Glavu ni zake, nazo zilinigharimu kuliko ule wa mbao. Analalamika kwamba wenzake wana panga zao. Alalamike tu, vidole vyote kumi vinafanya kazi.

Sehemu ya 7: kidole kikivimba, ufanye nini kabla hamjafika hospitali. Wenu wanacheza nini? Niambieni hapo chini.