Kabla ya Kuwasha Motokari

Likizo kubwa yakaribia, na wazazi kadhaa wametuuliza neno moja: je, yafaa kuwapeleka watoto kuitembelea Katanga kwa barabara, miji yake na vijiji vyake? Na kama yafaa, safari hiyo ipangwe namna gani?

Jibu letu ni kwamba yafaa sana. Mtoto wa Lubumbashi aweza kumaliza masomo yake akiyajua majina ya mito ya Ulaya, asiuone hata mara moja mto Lualaba. Ajua kwamba shaba ni mali ya nchi yake, lakini hajui watu wa kijiji kilicho kando ya mgodi hulima nini, hula nini, wala huchota maji wapi. Tembea uone, walisema wazee. Lakini wazee hao hao walisema pia kwamba mwenda pole hajikwai, na neno hili la pili wengi hulisahau mara motokari inapowaka.

Kwanza tuujue ukubwa wa nchi. Jimbo la Katanga, kabla halijagawanywa mwaka 2015 kuwa majimbo manne, yaani Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, lilikuwa na kilometa za mraba karibu 497,000. Ubelgiji ungeingia humo mara kumi na sita. Basi, baba anayesema, «Tutaizunguka Katanga nzima kwa juma moja,» hajayapima maneno yake. Mwenye juma moja achague njia moja. Sisi twashauri njia ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, kwa sababu ina lami, ina parokia mahali pengi, na yapita katika miji na mashamba kwa zamu.

Halafu tuifahamu kanuni iliyo kubwa kuliko zote: safari ya jamaa hupimwa kwa nguvu za aliye dhaifu, si kwa nguvu za motokari. Toka Lubumbashi hadi Likasi ni kilometa 120 hivi. Hadi Kolwezi ni zaidi kidogo ya 300. Motokari nzima yaweza kwenda Kolwezi na kurudi kwa siku moja. Lakini bibi mwenye miguu inayovimba hawezi, mtoto anyonyaye hawezi, na hata dereva hawezi, ingawa yeye hatakiri. Kwa hiyo baba asiulize, «Motokari yaweza kwenda mbali gani?» Aulize, «Mama mkwe aweza kuketi saa ngapi pasipo kunyosha miguu?» Akilipata jibu la swali hili la pili, nusu ya safari imekwisha kupangwa.

Huu hapa mfano wa juma moja. Jumatatu tusitoke mjini. Tuwaonyeshe watoto mji wao wenyewe: Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, na Jumba la Makumbusho la Taifa, ambamo wataona misalaba midogo ya shaba ambayo babu zetu waliitumia kama fedha kabla Mzungu hajafika. Tuwaeleze kwamba mji huu ulianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule gari la moshi lilipofika kutoka kusini, na kwamba uliitwa Elisabethville hata mwaka 1966. Anayeanza kwa kuujua mji wake atajua namna ya kuitazama miji ya wengine.

Jumanne tuondoke kumekucha vema, twende Likasi. Njiani, upande wa Kapolowe, barabara huvuka mto Lufira. Tusimame mahali palipo salama, tuwaambie wanafunzi kwamba mnamo Septemba 1961 askari wa Umoja wa Mataifa waliotoka Elisabethville, wakienda kuwaokoa wenzao wa Ireland waliozingirwa Jadotville, yaani Likasi ya leo, walizuiwa penye daraja la mto huo. Watu huvuka hapo kila siku wakizungumza habari za bei ya unga, wala hawakumbuki. Tena mto huo huo ulizibwa kule Mwadingusha ili kutoa umeme, na hivyo ndivyo ziwa Tshangalele lilivyopatikana. Wavuvi wake hutulisha samaki. Basi mtoto aonaye taa ikiwaka nyumbani na samaki katika sahani atajua kwamba vyote viwili vyaweza kutoka katika maji yale yale.

Jumatano tupumzike Likasi. Siku ya kupumzika si siku iliyopotea: nguo hufuliwa, motokari hutazamwa, watoto hucheza. Wakubwa wataje habari za Shinkolobwe, mgodi ulio karibu na mji huo, ambao uraniumu yake ilipelekwa Marekani na kutumiwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Hatusemi watu waende huko. Mgodi ulifungwa, na si mahali pa kutembeza watoto. Twasema habari ijulikane. Ni neno zito kwamba udongo wetu uliingia katika huzuni ya watu wa mbali namna hiyo, na mwanafunzi Mkristo aweza kulitafakari.

Alhamisi twende Kolwezi kwa njia ya Fungurume. Kabla ya kufika, tutavuka Lualaba. Hapo watoto wote na washuke, kwa ruhusa na kwa uangalifu. Mto huu utakwenda kaskazini hata Kisangani, ambako huanza kuitwa Kongo, kisha utageuka magharibi na kuingia baharini. Urefu wake wote ni kilometa 4,700 hivi. Kuliona jambo hilo kwa macho kwapita masomo mengi ya ubaoni.

Ijumaa tukae Kolwezi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima huchimbwa nchini mwetu, na sehemu kubwa yatoka katika jimbo la Lualaba. Bila madini haya betri nyingi za simu na za motokari za umeme zisingetengenezwa. Tusiwapeleke watoto katika mashimo, kwa maana udongo huporomoka na kuwafunika watu. Lakini tusiwafiche pia kwamba wapo vijana wa umri wao wanaobeba magunia ya mawe badala ya vitabu. Mtoto akiuliza, «Baba, mbona yule hasomi?» baba asimnyamazishe. Swali hilo ni faida ya safari kuliko picha zote.

Jumamosi turudi hata Likasi, tulale. Jumapili tusikie Misa pamoja na wakristo wa huko, halafu tumalizie kilometa 120 zilizobaki kabla jua halijatua. Waona jinsi tulivyozigawa siku: njia ndefu tumeikata vipande, na siku ya Bwana haikuangukia mahali pasipo kanisa. Afadhali kuuliza saa za Misa mapema kuliko kuzitafuta njiani.

Wengine watasema, «Na Bunkeya je? Na maporomoko ya Lofoi?» Bunkeya, kaskazini mwa Likasi, ulikuwa mji mkuu wa Msiri, mfalme wa Wayeke, aliyeuawa Desemba 1891. Lofoi, katika hifadhi ya Kundelungu, huanguka zaidi ya meta 300. Ni mahali pa kustahili kuonwa. Lakini huko lami haifiki, na mwisho wa kiangazi maji ya Lofoi hupungua sana. Ziwekwe kwa safari nyingine, yenye motokari yenye nguvu na watu walioulizia njia kwa mapadri au walimu wa huko. Kuuliza si ujinga.

Sasa tuseme juu ya hatari, kwa maana ni neno la uhai na kifo. Barabara hii ni njia ya malori ya migodi. Mengi huja kutoka Zambia na Tanzania, ambako huendeshwa upande wa kushoto. Kwa hiyo dereva huketi upande wa kuume, na hapa kwetu akitaka kulipita gari jingine haoni vema mbele yake. Usimfuate kwa karibu, wala usidhani amekuona. Malori mengine huchukua asidi. Februari 2019, karibu na Tenke, lori la asidi liligongana na magari mengine, na watu wasiopungua 18 walikufa. Wengine waliunguzwa na asidi ile. Basi tuwafundishe watoto na madereva maneno matatu. La kwanza, tuache nafasi kubwa nyuma ya kila lori. La pili, usiku tusiwe barabarani; lori lililoharibika huachwa gizani pasipo taa, likawa ukuta. La tatu, tukiona lori limepinduka na kumwaga kitu, tusikimbilie kutazama, wala kuchota, bali tusimame mbali, upande upepo unakotoka, tukaite msaada.

Hatari nyingine ni ya mfukoni. Baba na mama waandike pamoja gharama zote: mazuti au petroli, peaje za kwenda na za kurudi, malazi, chakula, fundi, na sadaka. Juu ya jumla hiyo waongeze sehemu moja ya tano kwa mambo yasiyotazamiwa. Kisha watenge kando fedha ya masomo ya Septemba: daftari, nguo za shule, na malipo ya wale wa sekondari. Fedha hiyo isiguswe hata kwa ahadi ya kuirudisha. Ikiwa hesabu haitoshi, safari ipunguzwe iishe Likasi, au ingojee mwaka mwingine. Bwana wetu alisema habari za mtu aliyetaka kujenga mnara asihesabu gharama kwanza, akachekwa na watu. Yule alichekwa tu. Lakini mtoto anayefukuzwa darasani kwa sababu baba alitaka kuonekana Kolwezi, huyo hulia.

Wasio na motokari wasikate tamaa. Jamaa mbili au tatu za parokia moja zaweza kukodi gari dogo la abiria pamoja na dereva. Lakini wapatane kabla, kwa maandishi, kuhusu bei, siku za kupumzika, na kwamba hapatakuwa mwendo wa usiku. Tena dereva alale mahali pazuri na kula vema kama wengine. Watu wanaomlaza dereva ndani ya gari ili kuokoa franka chache, kesho yake humkabidhi watoto wao akisinzia.

Kuhusu vitu vya kuchukua, tusipakie nyumba nzima. Hati za gari na bima, ruhusa ya kuendesha, kadi ya mpiga kura ambayo wengi wetu huitumia kama kitambulisho, mpira wa akiba uliojaa upepo, jeki, maji ya kunywa, dawa, na chandarua. Nguo za baridi zisisahauliwe. Mwezi wa sita na wa saba usiku wa Katanga huuma. Kila mwanafunzi awe na daftari, aandike jina la kila mto tunaovuka na maana yake, akiisha kuwauliza wenyeji.

Na kwa wenyeji hao tuingie kwa heshima. Kijiji si bustani ya wanyama. Tukitaka kusimama na kula kivulini, tumsalimu kwanza mkubwa wa mahali. Tukinunua mihogo au asali kwa mama aliyeketi kando ya barabara, tusimpunguzie bei kwa ukali kana kwamba yeye ndiye aliyetutajirisha. Tusipige picha ya mtu pasipo idhini yake. Na madaraja, migodi na askari tusiwapige kabisa. Takataka zetu turudi nazo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini yuko mgeni ambaye akiondoka mwenyeji hubaki na uchafu na matusi.

Neno la mwisho twalichukua katika Injili. Maria na Yosefu walikwenda siku nzima toka Yerusalemu wakidhani Mtoto yumo katika kundi la jamaa na rafiki, kumbe amebaki hekaluni. Ikiwa jambo hilo liliwapata watakatifu waliotembea kwa miguu, litawapataje watu walio ndani ya magari mawili, kila gari likidhani mtoto yumo katika lile lingine? Basi amchaguliwe mtu mmoja, na afadhali awe msichana mkubwa mwenye akili, ambaye kazi yake ni kuwahesabu watu kwa majina kila tunapoondoka. Pasipo neno lake, dereva asiwashe. Na yeye akiisha kuhesabu, wote wafanye alama ya msalaba, wajikabidhi kwa Rafaeli malaika, aliyemwongoza Tobia mdogo akamrudisha salama kwa baba yake.

Jumapili hii, baada ya Misa, wazazi na waketi mezani pamoja na watoto, na bibi awepo. Waandike siku saba upande mmoja wa karatasi, na gharama upande wa pili. Kisha wampe bibi karatasi hiyo, wamwulize kama safari yamfaa. Akisema siku fulani ni ndefu mno, ifupishwe.