Kumkata Mshahara Si Kumfundisha

Tuseme ukweli: wenye maduka wengi humfundisha mfanyakazi siku ya kwanza tu. Hii ni nambari ya malipo, hii ni simu ya duka, haya, anza kazi. Halafu jioni moja mteja mwenye haraka anaonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake mwenyewe, anabeba unga na mafuta, huyoo! Pesa haikuingia. Mwisho wa mwezi kijana anakatwa mshahara.

Hapo sisi tunaona mwenye duka naye ana makosa. Matapeli hubadilisha mbinu kila mara. Mfanyakazi wako alifundishwa lini mara ya mwisho?

Si lazima umpeleke darasani. Jumatatu asubuhi, kabla wateja hawajajaa, kaeni dakika kumi na simu ya duka. Mwonyeshe kuwa bidhaa haitoki hadi simu hiyo yenyewe ipokee ujumbe, na akiwa na shaka aangalie salio. Mtu akipiga akidai ametuma kimakosa, asimrudishie mwenyewe. Amwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni ya simu. Halafu umsikilize naye, maana yeye ndiye hushinda kaunta, na mara nyingi huijua mbinu mpya kabla yako.

Na kama unalipa ile ada ya NITA, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, jua unaweza kuomba kurudishiwa gharama za mafunzo. Wengi hulipa tu wakasahau. Ila omba idhini kabla mafunzo hayajaanza.