Tope Si Najisi

Mvua zikishika huku milimani Manyovu, uwanja wote wa nyumba hugeuka tope jekundu, na kofi la kwanza la siku humpata mtoto wa miaka miwili aliyekutwa akilikanda kama ugali. Mama analilia nguo, baba anasema najisi.

Ndugu zangu, maji yakikosekana tunatayamamu kwa udongo huu huu. Unatufaa kwa swala, kisha tunampigia mtoto! Kinachonajisi ni kinyesi kilichochanganyika nao, na hicho ndicho chenye maradhi. Mayai ya minyoo hukaa udongoni, mtoto akayala kwa vidole. Safura yenyewe hupenya ngozi ya nyayo tupu. Basi tuulize udongo umetoka wapi.

Mimi naona aachwe acheze. Kwa kukanda, kuchota na kumimina, vidole vyake hupata nguvu naye hujua kizito na chepesi. Mchimbie udongo mbali na choo na banda la mbuzi, uutie kwenye beseni, mkae naye barazani ukichambua maharage. Maharage usimpe, atayatia puani au yatampalia. Unga wa muhogo mchungu usiolowekwa pia usimpe, una sumu. Wala usimwache peke yake na ndoo ya maji, hata yakiwa kidogo.

Akimaliza aoshwe kwa sabuni na maji ya kumiminwa, akatwe kucha. Akishatimiza mwaka, apate dawa ya minyoo kliniki kila miezi sita.

Na nguo? Mvalishe ile iliyochanika.