Kiharusi kisichopindisha mdomo

Ukitaja kiharusi, wengi huwaza mdomo uliopinda, mkono uliolegea na maneno yasiyoeleweka. Dalili hizo ni za kweli na kila mzazi anapaswa kuzijua. Lakini kipo kiharusi kinachomwacha mgonjwa akitembea na kuzungumza kama kawaida, huku nusu ya mwili wake ikiwa imekufa ganzi ghafla, kuanzia usoni hadi mguuni. Mwingine hapoozi popote, ila anasinzia mchana kutwa na akiamshwa hajui yuko wapi. Nyumbani watasema ni uchovu, malaria au uzee, na saa za kumwokoa zinapita.

Kiharusi cha aina hii hushambulia talamasi, sehemu yenye umbo la yai dogo iliyo katikati kabisa ya ubongo. Zipo mbili, moja kulia na nyingine kushoto. Ifikirie kama stendi kuu ya mabasi. Taarifa za mguso, joto, baridi na maumivu kutoka mwilini, pamoja na zile za macho na masikio, hupita hapo kabla ya kupelekwa kwenye sehemu nyingine za ubongo. Talamasi pia husaidia mtu kuwa macho, kukumbuka na kuwa makini. Ikiumia ya kulia, ganzi huwa upande wa kushoto wa mwili, na ikiumia ya kushoto, ganzi huwa kulia.

Adui mkubwa ni shinikizo la damu. Mishipa inayolisha talamasi ni myembamba sana, na presha isiyodhibitiwa huichakaza taratibu kwa miaka mingi. Mwisho wake mshipa huziba au hupasuka. Kisukari na sigara huongeza hatari.

Kwa hiyo ganzi ya ghafla ya upande mmoja, kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa au usingizi mzito usio wa kawaida ni sababu ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama mdomo haujapinda. Andika muda ambao mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwani daktari atauliza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na lazima kipimo cha CT kionyeshe kwanza kuwa hakuna damu iliyovuja kwenye ubongo. Ndiyo maana si salama kumpa aspirini nyumbani, kwa kuwa mshipa ukiwa umepasuka dawa hiyo inaweza kuzidisha hatari. Usimpe pia chakula wala maji, maana anaweza kupaliwa.

Baada ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, lipo jambo jingine ambalo familia nyingi hazielezwi. Wiki au miezi kadhaa baadaye, upande uleule uliokufa ganzi unaweza kuanza kuuma. Bibi anasema shuka linamchoma, maji ya baridi ni kama moto, upepo wa feni unamkata. Mkono hauna kidonda wala uvimbe, basi watu wanaanza kunong'ona kwamba anadeka, au kwamba amerogwa. Hadeki. Maumivu hayo yanatengenezwa na ubongo wenyewe baada ya njia za hisia kuharibika. Madaktari wawili wa Ufaransa, Dejerine na Roussy, waliyaeleza tangu mwaka 1906.

Dawa za kawaida kama panado huwa hazisaidii sana. Zipo dawa zinazotuliza mishipa ya fahamu, kama amitriptilini na gabapentini, ambazo daktari huanzisha kwa dozi ndogo na kuzifuatilia. Maumivu yanaweza yasiishe kabisa, lakini mara nyingi hupungua kiasi cha mgonjwa kuweza kulala. Mrudishe kliniki, na umweleze daktari maumivu yalianza lini na yanachochewa na nini.

Nyumbani, msemeshe kabla ya kumgusa. Mvalishe nguo laini zisizobana. Pima maji ya kuoga kwa mkono wako wewe, kwa sababu upande wenye ganzi unaweza kuungua bila yeye kujua. Kwa sababu hiyo hiyo, asiachwe peke yake karibu na jiko. Watoto nao waelezwe: bibi akivuta mkono wake wanapomrukia, si kwamba hawapendi. Wafundishwe kumkumbatia upande usiouma.

Kuzuia ni rahisi kuliko kuuguza. Kila mtu mzima nyumbani apime presha, hata akijiona mzima. Ikisoma 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, aonane na daktari. Dawa za presha hazikatishwi kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Mara nyingi anajisikia vizuri hata presha ikiwa juu. Chumvi ya siku nzima kwa mtu mmoja isizidi kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyo kwenye vyakula vya dukani.

Na kiharusi si cha wazee peke yao. Mtoto mwenye selimundu anaweza kukipata akiwa bado mdogo. Akilalamika ganzi upande mmoja, akianza ghafla kuburuza mguu au kushindwa kuongea, apelekwe hospitali bila kusubiri kupambazuke.