Soko lifagiliwe hata mchana

Yapo masoko ambako ufagio hupita mara mbili tu, alfajiri na jioni. Kati ya hapo, majani ya kabichi na nyanya zilizopondeka hulala sakafuni huku wateja wakizikanyaga.

Hasara yake ni kubwa. Nyanya moja iliyooza huambukiza zilizo jirani yake kwenye tenga. Mama akiteleza leo, kesho atanunua barabarani. Na mwenye meza akikosa wateja, bei inayoshuka ni ya mkulima shambani.

Wapo wanaosema wafagiaji wa mchana watatimua vumbi kwenye dagaa na unga. Si lazima. Wanyunyize maji kwanza, wafanye kipande kimoja kimoja, na penye utelezi waweke kibao cha tahadhari.

Gharama je? Tuchukue mfano wa soko lenye meza 250. Sh200 kwa kila meza kwa siku ni Sh50,000. Wafagiaji watatu wakilipwa Sh12,000 kila mmoja ni Sh36,000; zinabaki Sh14,000 za sabuni, glavu na mifagio.

Lakini fedha hiyo isiwe mchango mpya. Ushuru unalipwa tayari, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 imezipa halmashauri jukumu la usafi. Kamati za masoko zidai Sh200 hizo zitengwe kutoka kwenye ushuru huohuo, na matumizi yake yabandikwe ubaoni kila mwezi. Mfagiaji naye alipwe kwa wakati, kwani asiyelipwa hafagii.