Taa za Stesheni ya Kadibodi



Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaani kwetu alinipigia simu na swali ambalo niliona haliwezi kujibiwa kwa simu. Alisema hivi: "Sheikh, mamangu amewakata vichwa abiria wa mwanangu. Sasa mtoto hasemi na mtu. Nifanyeje?"

Nilidhani nimesikia vibaya, akanieleza. Ndugu yake wa kiume anayeishi Ujerumani alimletea mpwawe gari la moshi dogo la umeme, kichwa kimoja na mabehewa matatu, pamoja na reli za kuunganisha mviringo. Ndani ya boksi mlikuwa na pakiti ya watu wa plastiki, kila mmoja kimo chake sentimita mbili hivi: mwanamume na mkoba wake, mwanamke na mwavuli, mlinzi na filimbi. Kijana, ambaye umri wake ni miaka 14, alikaa likizo nzima akiwajengea stesheni ya kadibodi. Nyanya yake alipoingia chumbani mle kuswali akawakuta wamepangwa juu ya jukwaa la stesheni, alikwenda kuchukua mkasi. Alipofika abiria wa tisa ndipo mtoto akaingia.

Nilikwenda baada ya swala ya alasiri. Bi mkubwa alinikaribisha kwa kahawa na haluwa, wala hakuona haya hata kidogo. "Maalim, ni wewe uliyetufundisha darasani kwamba sanamu ikikatwa kichwa huwa kama mti," aliniambia. Ni kweli, nilisema. Mtu husema maneno mengi darasani asijue yatafikia mkasi wa nani.

Kwa wanaotaka hukumu, wengi katika wanavyuoni wamekataza kutengeneza sanamu kamili za viumbe wenye roho, na wengi katika hao hao wakaviacha nje ya katazo vinyago vya watoto kuchezea, kwa ile Hadithi maarufu ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, na wanasesere wake. Wapo walioibana ruhusa hiyo na wapo walioipanua. Nilimwambia mama kwamba mtoto hakutenda jambo la kuharibiwa kazi yake. Nikamwambia kijana, aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama sakafu, kwamba nyumba ni ya nyanya yake, na moyo wa mzee una haki yake hata pale penye nafasi katika fatwa. Wale abiria wazima waliobaki wawekwe kando warudishiwe mjomba. Treni, miti na majumba havikuwa na mzozo kwa yeyote mle ndani.

Nasema haya nikiwa na deni langu mwenyewe. Nilipokuwa maalim kijana nilimnyang'anya mwanafunzi gari la waya kwa kuwa alilichezea wakati wa darasa. Nililiweka juu ya kabati, likaanguka likapindika. Mtoto yule hakulia, alikaa tu akilitazama. Hakurudi chuoni mwezi mzima, na aliporudi alikaa safu ya nyuma. Kwa hiyo nilipomwona huyu wa mlangoni hajainua macho, niliomba nioneshwe stesheni.

Kipimo chake ni 1 kwa 87, maana yake sentimita moja ya mezani ni sentimita 87 za duniani. Mlango wa mita mbili unakuwa milimita 23. Reli alizoletewa zimeachana milimita 16.5, na ukizidisha kwa 87 utapata milimita 1,435 na ushei, ambao ndio upana wa SGR iliyoanza kuchukua abiria baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Lakini stesheni aliyoijenga ni Mackinnon Road ya reli ya zamani, ile iliyoanza kutandikwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901, na upana wa reli hiyo ni mita moja tu. Kwa haki ilitakiwa milimita 11 na nusu. Ziko reli ndogo za milimita 12 zinazotengenezwa kwa ajili ya njia za namna hiyo, ila mjomba hakuleta hizo. Kijana alilijua kosa kabla yangu. "Hapo itabidi tufumbe macho, Maalim," alisema, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu niingie.

Niliuliza kwa nini Mackinnon Road. Babu yake marehemu alikuwa mfanyakazi wa reli pale, na nyanya aliletwa pale akiwa bibi arusi. Wasafiri wa barabara ya Nairobi wanaujua msikiti ulio karibu na reli, penye kaburi la Sayyid Baghali, mmoja wa waliotoka Bara Hindi wakati reli inajengwa. Kijana aliujenga nao pia, kwa kuangalia picha katika simu ya mamake.

Kazi yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Bati la paa, kwa mfano. Wengi hubandua ganda la boksi wakatumia yale mawimbi ya ndani, na paa likaonekana kama limeezekwa kwa mabomba, kwa sababu mawimbi hayo ni makubwa mno kwa kipimo hiki. Yeye alichukua foili ya jikoni akaitandaza juu ya kitabu cha zamani, akaiviringishia boliti ndefu yenye nyuzi za milimita moja. Nyuzi zikaacha mistari, na mistari ile ndiyo mabati. Kutu aliipaka kwa majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakawa mazito, yaliyochanganywa na gundi kidogo.

Hata hivyo, watu walipoondolewa stesheni ilikufa. Ukiitazama ilikuwa boksi zuri lililopakwa rangi, basi. Kijana aliliona hilo na akalisema, na nyanya yake akalisikia kutoka jikoni.

Mjini Hamburg, katika maghala ya kale ya Speicherstadt, pana reli ndogo mashuhuri iitwayo Miniatur Wunderland, iliyofunguliwa mwaka 2001 na ndugu mapacha wawili, Frederik na Gerrit Braun. Sehemu kubwa yake ni ya kipimo hiki hiki cha 1 kwa 87, na ina watu wadogo zaidi ya laki mbili. Usiku na mchana wa pale huzunguka kwa dakika 15 hivi, taa za ukumbi zikififia na za majumba zikiwaka. Mjomba alikwisha kutuma video aliyoipiga humo. Tulikaa kitandani tukaitazama, na ukumbi ulipoingia giza nikamwuliza kijana, "Wale watu laki mbili wako wapi sasa?" Akaisogeza simu machoni. "Hawaonekani, Maalim. Naona madirisha."

Basi tukaanza kazi ya taa, na akina mama wenye watoto wa mikono myepesi wanisikilize hapa. Umeme wa ukutani usiguswe kabisa. Betri moja ya volti 9 inatosha. Taa ziwe zile ndogo za LED, kwa sababu hazina joto la kudhuru. Vile vibalbu vya zamani vyenye uzi ndani hupata moto, na kadibodi hukauka na kubadilika rangi juu yake. Kila taa ina miguu miwili, mrefu ni wa chanya na mfupi ni wa hasi. Kabla ya umeme kuifikia, upite kwanza katika rezista, kale kadude kenye mistari ya rangi, kwani taa nyeupe huhitaji kiasi cha volti 3 tu, na zilizobaki lazima zizuiliwe mahali. Kwa betri hiyo rezista ya omu 1,000 hutoa mwanga mkali wa kutosha. Ukitaka hafifu, weka ya omu 4,700. Taa ya kwanza niliiunguza mimi, kwa kujifanya najua.

Ya pili iliwaka, na jengo zima likang'aa kama fanusi. Nuru ilipenya kuta za kadibodi na kuvuja kwenye kila pembe. Kwa hiyo tulibomoa. Kuta za ndani zilipakwa rangi nyeusi mara mbili, kisha juu yake ikabandikwa karatasi ya rangi ya maziwa, ili nuru isitoke nje lakini chumba kisiwe kama pango. Pembe zikazibwa kwa utepe mweusi. Madirishani tuliweka ile karatasi nyepesi wanafunzi wanayonakilia ramani, ili taa yenyewe isionekane na uonekane mwanga wake tu. Tena kila chumba kikatengwa na mwenzake kwa kipande cha kadibodi. Usipotenga vyumba, madirisha yote huwaka kwa nguvu moja na jicho hutambua mara moja kuwa ndani ni boksi tupu.

Kijana alitaka kila dirisha liwake. Nilimwuliza ni nyumba gani mtaani ambayo vyumba vyake vyote vina taa, isipokuwa siku ya harusi au ya msiba. Akafikiri, akakata nyaya za vyumba vinne.

Mengine aliyabuni mwenyewe. Alianika kanga nyuma ya nyumba za reli, kipande cha kitambaa cha sentimita mbili kwenye uzi. Baiskeli ya waya mwembamba akaiegemeza ukuta wa ofisi. Kwa msikiti alifanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria. Kiatu cha mtu mzima kwa kipimo kile ni milimita tatu. Alikata mpira wa baiskeli kwa wembe, akatoa jozi 30 za kandambili, akazipanga mlangoni mwa msikiti, nyingine zimepinduka na nyingine zimepandana, kama tunavyoziacha tukichelewa rakaa. Mlango ukaachwa wazi kidogo, nuru ikatoka juu ya viatu vile.

Usiku wa tatu mamake alizima taa ya chumbani. Nilikuwapo, kwa kuwa nilialikwa chakula. Nyanya alikuja akasimama mlangoni na tasbihi yake mkononi, na kwa muda hakusema.

"Hiyo ni swala gani?" akauliza.

"Isha, nyanya."

Akavuta kiti. Aliinama karibu mno hata nikahofia buibui lake litakwaa nyaya. Kisha akaanza kukosoa. Taa ya ofisi si hiyo, alisema. Ofisini palikuwa na karabai, nayo mwanga wake ni mweupe wa kuumiza macho, na ukiwa nyumbani unaisikia inavyovuma. Taa za manjano za kijana zilifaa nyumba za wafanyakazi, kwa sababu humo walitumia chemni. Na nyumba yao ilikuwa ya tatu kutoka kisimani, si ya pili. Tena taa yao haikukaa juu hivyo. Ilikaa chini, karibu na mkeka, kwa kuwa yeye alikuwa akishona akimngoja mumewe amalize zamu.

Kijana alikwisha kulifungua paa. Ofisini akatia taa nyeupe yenye rezista ndogo, na katika nyumba ya tatu akaishusha ya manjano mpaka sakafuni. Dirisha likabadilika kabisa: sehemu ya juu ikawa giza, na ya chini ikabaki na mwanga hafifu, kama wa mtu aliyeketi chini.

Bi mkubwa alilitazama dirisha lile kwa kitambo. Kisha akauliza kama gari la usiku limekwisha kupita.

"Bado," akasema kijana, akanyoosha mkono kwenye swichi.